Jinsi ya Kuandika Maneno ya Tovuti ya Biashara Ndogo Yaeleweke Mara Moja

Mwenye biashara ndogo anapoketi kuandika ukurasa wa mwanzo wa tovuti yake, mara nyingi huanza hivi: "Karibu kwenye tovuti yetu. Sisi ni kampuni inayoongoza kwa kutoa huduma bora na za kisasa kwa mahitaji yako yote." Maneno hayo hayana kosa la sarufi, ila anayeyasoma hawezi kujua kama biashara hiyo inatengeneza friji, inafundisha hesabu au inauza mbegu. Maneno ya kwanza yanapaswa kumwambia mgeni unafanya nini, unamfanyia nani, na yeye afanye nini akiihitaji huduma hiyo. Akiyakosa hayo, picha nzuri na rangi za kuvutia hazitamfanya abaki.

Kabla ya kuandika chochote, kusanya maneno ya wateja wenyewe. Pitia ujumbe waliokutumia, kumbuka wanachosema wanapopiga simu kwa mara ya kwanza, kisha uyaandike maneno hayo kama yalivyotoka vinywani mwao. Fundi wa mashine za kufulia atagundua kwamba hakuna mteja anayesema "nahitaji matengenezo ya vifaa vya umeme vya majumbani". Wao husema "mashine haitoi maji", "inapiga kelele ikizunguka", "mlango umegoma kufunguka". Usiyasafishe maneno hayo, kwa kuwa ndiyo hayo hayo wanayoyaandika wanapotafuta msaada kwenye intaneti. Kama wateja wako husema "friji", andika "friji", hata kama wewe unaliona neno "jokofu" kuwa na heshima zaidi. Wengi huiruka hatua hii kwa kuona inapoteza muda, lakini kwa maoni yangu hiyo ndiyo nusu ya kazi nzima.

Ukishayapata, andika sentensi kuu. Tuseme fundi wetu ameanza na "Tunatoa huduma bora za ukarabati wa vifaa vya nyumbani." Neno "bora" halimsaidii msomaji, kwani hakuna mfanyabiashara anayejitangaza kuwa na huduma duni, kwa hiyo liondolewe. "Vifaa vya nyumbani" vyaweza kuwa kochi au taa, kwa hiyo vitajwe kwa majina. "Kutoa huduma za ukarabati" ni njia ndefu ya kusema "kutengeneza". Inabaki: "Tunatengeneza mashine za kufulia na friji nyumbani kwako." Maneno mawili ya mwisho yana uzito kuliko yote yaliyofutwa, kwa sababu yanamtoa wasiwasi mtu asiyejua ataibebaje mashine yake hadi kwa fundi. Chini yake iwekwe sentensi ya pili inayojibu hofu inayofuata: "Tupigie simu utueleze tatizo, tutakutajia gharama ya ukaguzi kabla fundi hajaja." Iandikwe tu ikiwa kweli ndivyo anavyofanya kazi, maana ahadi ya kwenye tovuti mteja huja kuidai mlangoni.

Kufuta majigambo kuna faida iliyokwisha kupimwa. Mwaka 1997 John Morkes na Jakob Nielsen, watafiti wa jinsi watu wanavyotumia tovuti, walijaribu maandishi ya tovuti moja kwa namna kadhaa. Toleo lililoondolewa lugha ya kujisifu tu lilikuwa rahisi kutumia kwa asilimia 27 zaidi ya lile la awali; lililopunguzwa maneno hadi kufikia karibu nusu lilipanda kwa asilimia 58; na lililounganisha ufupi, lugha isiyojisifu na mpangilio unaoruhusu kupitisha macho haraka lilipanda kwa asilimia 124. Mwaka huo huo Nielsen alieleza kwamba asilimia 79 ya watu aliowajaribu walipitisha macho tu kwenye kila ukurasa mpya, na ni asilimia 16 pekee waliosoma neno kwa neno.

Kwa kuwa wengi hupitisha macho, vichwa vidogo vinapaswa kueleweka hata vikisomwa peke yake. "Huduma zetu" hakisemi kitu. "Hitilafu tunazotengeneza" kinasema. Vivyo hivyo kwa vitufe: badala ya "Wasilisha", andika "Omba fundi aje". Epuka pia kiungo kinachosema "Bofya hapa". Wasioona hutumia programu zinazowasomea skrini kwa sauti, na programu hizo zinaweza kuwatajia viungo vya ukurasa bila maelezo yanayovizunguka, kwa hiyo "bofya hapa" ikirudiwa mara kumi haiwaelekezi popote.

Ukurasa wa "Kuhusu sisi" usikuchoshe: taja nani anafanya kazi hiyo, ameifanya kwa muda gani, na anapatikana siku na saa zipi.

Maandishi yakikamilika, yajaribu kwa mtu asiyeijua biashara yako. Fungua ukurasa wa mwanzo kwenye simu ya mkononi, kwa sababu kioo chake kidogo hufichua haraka utangulizi uliorefushwa, mwonyeshe kwa sekunde tano, kisha uichukue simu. Muulize biashara hii inafanya nini na yeye angefanya nini akiihitaji. Usimsaidie wala usijitetee. Andika jibu lake neno kwa neno. Akisema "nadhani ni duka la vifaa vya umeme", kosa liko kwenye sentensi kuu, nayo ndiyo ya kurekebishwa kabla ya kugusa kitu kingine. Kisha tafuta mtu mwingine ambaye hajauona ukurasa huo, kwa kuwa yule wa kwanza sasa anajua jibu, na urudie jaribio.