Jinsi ya kusukuma pesa za jeshi zikatwe kwa bajeti iliyokwisha kupita Bunge (Kenya)

Watu wengi wanadhani Bunge likipitisha bajeti mwezi wa sita basi imeisha hiyo, ya jeshi ndio kabisa haiguswi. Si kweli. Mwaka wa 2024 Rais alikataa kutia saini Mswada wa Fedha, ule wa kodi, akatia saini ule wa matumizi, halafu papo hapo akaagiza itengenezwe bajeti ya ziada ya kukata, yaani matumizi yaliyokuwa yamepitishwa juzi tu yakarudi mezani. Njia ni hiyo hiyo, bajeti ya ziada, iko kwa kifungu cha 44 cha sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012.

Anza na kitabu cha makadirio, kiko kwa tovuti ya Hazina ama ya Bunge. Humo kila wizara ama idara ina namba yake, inaitwa fungu, na Ulinzi ni fungu 1041. Usikimbilie upande wa maendeleo, huko kwa ulinzi ni kiasi kidogo, pesa kubwa imelala kwa matumizi ya kawaida na maelezo yake ni machache mno ukilinganisha na barabara ama maji, na hii kwangu ndio shida yenyewe kwa sababu mwananchi anaambiwa mabilioni bila kuambiwa ni ya nini.

Sasa iandikie Wizara ya Ulinzi uulize. Sheria ya kupata habari ya 2016 inawapa siku 21 kukujibu. Watakataa mambo ya silaha wakisema ni usalama wa taifa, kwa hivyo usipoteze barua yako huko, uliza majengo, magari ya maofisa, safari, samani, kisha uliza swali moja muhimu kuliko yote: mkataba umeshasainiwa? Kama bado, pesa inakatwa bila maumivu. Kama umesainiwa na malipo ya kwanza yametoka, kuvunja kunaweza kuleta fidia na kesi na unaweza kukuta serikali imelipa na haikupata kitu. Ndio maana mapema ni bora, mwezi wa nane mwezi wa tisa hivi, ukingoja hadi wa tano utakuta imetumika karibu yote, na isiyotumika kufikia Juni 30, mwisho wa mwaka wa fedha, muda wake unaisha yenyewe.

Andika memoranda yako, yaani maoni yako kwa maandishi, kabla bajeti ya ziada haijaletwa, maana tangazo la kuomba maoni likitoka siku ni chache sana. Peleka kwa kamati mbili, ile ya Bajeti na ile ya Ulinzi, Ujasusi na Mashauri ya Kigeni. Kurasa mbili zinatosha: namba ya fungu, programu, kiasi unachotaka kikatwe, sababu, na pesa iende wapi. Hiyo ya mwisho wengi wanaisahau na wabunge ndio wanaiuliza kwanza, sema ipunguze nakisi, lile pengo ambalo serikali hukopa kuliziba, ama iende kwa dawa za hospitali. Na tafadhali mishahara ya askari iacheni, yule aliye Somalia hakupanga bajeti hii.

Ombi rasmi Bungeni chini ya kifungu cha 119 cha Katiba pia lipo na unaweza kuliandika kwa Kiswahili, sheria inaruhusu, lakini ni la polepole, litumie kwa jambo la muda mrefu. La haraka ni kumshika mbunge wako akiwa nyumbani wikendi, umpe karatasi mkononi, umuulize atapiga kura gani, halafu mfuatilie kwa Hansard, kumbukumbu rasmi za yanayosemwa Bungeni, kama alisema chochote.

Bajeti ya ziada ikipita, fungua kitabu kipya cha makadirio uangalie 1041 tena. Bajeti ya ziada inaweza kuja zaidi ya mara moja kwa mwaka na kilichokatwa kwa ya kwanza kinaweza kurudishwa kimya kimya kwa ya pili. Kisha taarifa ya sera ya bajeti inafika Bungeni kufikia Februari 15, angalia huko pia, ndipo kiwango cha mwaka ujao kinapoanza kupangwa.