Kamera ikilowa maji ya bahari: fanya haya kabla fundi hajaigusa

Napiga picha za harusi hapa Tanga, na maharusi wengi wa mji huu wanataka picha za Raskazone, jioni jua likishalegea. Ndivyo ilivyokuwa siku kamera yangu ya kwanza ya maana ilipokufa. Msimu wa kusi, bahari imechafuka, wimbi likagonga mawe likanirukia kifuani. Kamera ilikuwa shingoni, imewashwa. Nikaifuta kwa kanga ya somo wa bibi harusi, halafu nikaizima na kuiwasha tena nione kama imepona. Kioo kikawaka sekunde chache, kikazimika moja kwa moja.

Ule mkono wa kuwasha tena ndio ulioiua. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri mno, na pale unapokutana na chumvi kwenye vinjia vyembamba vya shaba ndani ya kamera, shaba huanza kuliwa saa ileile. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote, toa betri. Usipoteze muda kutazama kama picha zimesalimika. Zimo kwenye kadi, na kadi itoe pia. Kisha inamisha kamera mdomo utazame chini ndipo uvue lenzi, ili matone yaliyobaki kwenye pete yaanguke nje yasiingie kwenye sensa, kile kioo cha ndani kinachonasa picha.

Baada ya hapo chovya kitambaa safi kwenye maji ya kunywa ya chupa, kikamue sawasawa, ufute nje yote. Kaa sana pale pa kuchomekea flashi, pembeni mwa vitufe na kwenye mlango wa betri. Ukiiacha chumvi ikaukie hapo, itakuwa inavuta unyevu kila siku, na hewa ya Tanga ina unyevu wa kutosha. Fungua vimlango vyote, iweke kivulini mbele ya feni.

Utaambiwa uizike kwenye mchele. Usifanye hivyo. Mchele hauondoi chumvi, na vumbi lake huingia ndani. Vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu ndivyo hufaa, ukivifungia na kamera kwenye kopo lisilopitisha hewa. Draya ya saluni nayo iache, joto lake hulegeza gundi na upepo wake husukuma maji ndani zaidi. Ila kukausha si kutibu. Kamera iliyolowa mvua unaweza kuipa siku kadhaa. Iliyolowa bahari ifike kwa fundi upesi iwezekanavyo.

Fundi yupi, sasa? Yangu niliipeleka kwa fundi wa simu, kijana hodari kwa kazi yake, akaifungua kwa bisibisi ya nyota ya kawaida. Kamera nyingi za Kijapani zina skrubu za JIS, yaani kiwango cha viwanda vya Japani. Ukizilazimisha kwa nyota ya kawaida vichwa vinalika, na ndivyo ilivyokuwa. Halafu akazikusanya zote kwenye kifuniko kimoja cha soda, fupi na ndefu pamoja. Siku hizi humuuliza fundi maswali mawili kabla ya kumkabidhi kitu: una bisibisi za JIS? Kapasita ya flashi unaitoaje umeme? Ile kapasita, kifaa kinachohifadhi umeme wa flashi, huweza kubaki na takribani volti 300 hata betri ikiwa mezani, na mtu asiyejua hilo anaweza kuumia. Fundi wa kweli hujibu bila kukasirika.

Ukiwasiliana na kituo cha huduma, usiandike tu "kamera haiwaki". Mimi huandika hivi: "Kamera aina fulani, namba yake hii (imeandikwa chini ya bodi), ilimwagikiwa maji ya bahari Jumamosi saa 12 jioni ikiwa imewashwa. Betri ilitolewa baada ya dakika tano. Haijawashwa tena, haijafunguliwa na mtu. Naomba gharama ya uchunguzi, na nitakachodaiwa nikiamua isitengenezwe." Maji usiyafiche. Fundi akiifungua atakuta weupe wa chumvi, na tangu hapo hataamini neno lako lingine. Waranti kwa kawaida haigusi maji, na kamera iliyonunuliwa Dubai huenda waranti yake ni ya hukohuko, kwa hiyo isome kadi.

Lakini kama tatizo si maji, angalia matangazo ya kampuni kabla ya kulipa. Mwaka 2015 Nikon ilitangaza kuwa baadhi ya kamera zake za D750 zina shata (pazia linalofunguka na kufunga mbele ya sensa) inayotia kivuli sehemu ya picha, ikazitengeneza bure hata zile zilizomaliza waranti. Na Canon ikikuandikia Err 01, vua lenzi ufute vile vidoti vya rangi ya dhahabu vinavyounganisha lenzi na kamera kwa kitambaa kikavu. Kijana mmoja wa Pongwe alishajiandaa kwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 300, kumbe ni uchafu wa vidoti tu.

Ukituma mzigo kwa basi, piga picha kila mkwaruzo, ondoa mkanda na kadi, ziba mdomo wa bodi kwa kifuniko chake, na hakikisha namba ya kamera imeandikwa kwenye stakabadhi ya mapokezi. Bei ikubalike kwa maandishi kabla kazi haijaanza.

Siku ya kuichukua, usiondoke kaunta. Mimi hubeba karatasi nyeupe ya A4 mkobani. Weka lenzi yako na kadi yako, funga apecha (tundu la lenzi linalopitisha mwanga) hadi f/16, vuruga fokasi kidogo, piga ile karatasi, kisha kuza picha utafute vidoti vyeusi, yaani uchafu kwenye sensa. Piga tena apecha ikiwa wazi, kwa kasi ya 1/4000. Upande mmoja ukiwa na giza, shata ina tatizo. Bonyeza kila kitufe. Kamera yangu ya pili, iliyolowa mvua ya masika, nilikuta kidoti kwenye kona ya juu kulia. Nikamwonyesha fundi, akairudisha ndani, na baada ya dakika kumi karatasi ikatoka nyeupe kona zote nne.