Umebakiza krediti za masomo ya hiari? Zimalize mtandaoni kwa hela ndogo

Hii ni kwa nyie mlioko hapa Dar mnaosoma digrii za vyuo vya Marekani kwa mtandao, kozi za fani umeshazimaliza, halafu ukifungua ripoti yako ya chuo inayoonyesha ulichobakiza unakuta krediti 9 au 12 za masomo ya hiari ndo zinakushikilia usihitimu. Usikimbilie kuzilipia chuoni, mara nyingi unaweza kuzipata nje ya chuo chako kwa bei nafuu na ndani ya wiki chache tu.

Kwanza tuelewane kwenye hesabu maana wengi tunachanganya. Kwa mfumo wetu wa TCU, tume ya vyuo vikuu Tanzania, krediti 1 ni masaa 10 ya kujifunza na mwaka mmoja wa shahada una krediti 120, ila kwa Wamarekani hizo 120 ndo digrii nzima ya miaka minne, na kozi ya kawaida ina krediti 3. Kwahiyo 9 ni kozi tatu kamili.

Sasa kuna hatua ukiiruka utalia, na mi niliiruka. Niliona kozi rahisi nikalipa, nikawa nasoma usiku nikitoka kazini, hapa Mbagala unafika nyumbani saa tatu umechoka hoi lakini unafungua simu unasoma hivyohivyo, nikafaulu vizuri. Kuipeleka chuoni nikajibiwa inafanana na kozi niliyosoma mwaka wa kwanza kwahiyo haihesabiki. Wiki tatu na hela vyote vikaenda. Kwahiyo kabla hujatoa hata shilingi andika imeili kwa mshauri wako au ofisi ya msajili, taja jina la kozi na anayeitoa, uliza kama wanaipokea, itakaa kwenye nafasi gani ya ripoti yako, na umebakiza krediti ngapi unazoruhusiwa kuleta toka nje. Vyuo vingi vinataka angalau robo ya digrii uisome kwao wenyewe. Uliza pia kama wanataka kozi za ngazi ya juu, maana nyingi za bei nafuu ni za ngazi ya mwaka wa kwanza na wa pili. Subiri jibu la maandishi, la mdomo halitakusaidia siku ya kuhitimu.

Ukishapata jibu, tafuta kozi zilizopendekezwa na ACE, hili ni baraza la elimu la Marekani linalokagua kozi za nje ya vyuo na kusema zinastahili krediti ngapi. Ni pendekezo tu, chuo ndo kinaamua.

Kwa haraka mi nakupeleka Sophia Learning, tovuti ya kozi za mtandaoni. Unalipa kwa mwezi, karibu dola 99, sio kwa kozi, unafungua kozi mbili kwa wakati mmoja na ukimaliza moja unafungua nyingine. Ukimaliza tatu ndani ya mwezi krediti moja imekugharimu kama dola 11, hapo ndo utamu wake ulipo. Kwahiyo usilipie mwezi ambao kazini mnafunga hesabu au nyumbani kuna harusi, lipia ule una nafasi. Chagua kozi zenye maswali tu, zile zenye insha zinasahihishwa na mtu na unaweza kukaa siku kadhaa ukisubiri huku mwezi unakatika. Kama umebakiza krediti moja au mbili tu, wana kozi fupi za krediti 1, mfano za kufanya kazi kwa timu. Na chukua kitu unachokijua tayari, kama unafanya kazi ya uhasibu usiende kujifunza historia ya sanaa.

Kama hela ni ngumu kabisa angalia Saylor Academy, masomo yao ni bure, unalipia ada ndogo ya mtihani unaosimamiwa kwa kamera. Siku hiyo laptopu iwe imejaa chaji na uwe na bando la simu pembeni, umeme na wifi usiviamini. Mitihani ya CLEP, ile ya Marekani unayofaulu ukapata krediti bila kusoma kozi, nayo inasifiwa sana ila unahitaji kituo cha mtihani, kwa sisi wa huku naiweka mwisho.

Malipo, kadi ya Visa ya benki au ile ya mtandaoni unayotengeneza kwenye M-Pesa, angalia tu kiwango cha dola siku hiyo. Ukimaliza kozi zako ghairi usajili mapema, hela inajikata yenyewe kila mwezi.

Alama za huko kwa kawaida haziingii kwenye GPA, kwahiyo usijiue kutafuta A, faulu usonge mbele. Transkripti, yaani karatasi rasmi ya matokeo, itumwe na mtoa kozi moja kwa moja chuoni, picha ya skrini hawaipokei.

Na jina jamani. Sisi tuna majina matatu, la kwako, la baba na la babu, mdogo wangu alijisajili kwa mawili wakati chuoni yako matatu kama kwenye pasipoti, transkripti ikafika chuo kikashindwa kumtambua, akazunguka na imeili karibu mwezi. Andika jina kama lilivyo chuoni siku hiyohiyo unayofungua akaunti.