Jinsi ya kupanga kadi za monsta na wahusika ili usipotee katikati ya gemu

Wadau, mi naendesha Dungeons & Dragons, gemu ya mezani ya kuigiza hadithi kwa dadu, wachezaji wanakuwa mashujaa na mi naigiza monsta na watu wengine wote. Kuna siku nilimuua troli wangu mwenyewe. Waliomkata ni wachezaji sawa, ila kiukweli muuaji ni mimi. Tulikuwa sebuleni kwangu huku Pasua, watu watano, kahawa ishamiminwa, umeme umekatika toka saa nane, na mi nahangaika kutafuta stati za troli (namba zake za kupigana) kwenye PDF ndani ya simu yenye kioo kimepasuka na chaji imebaki asilimia 9. Sasa troli (sio toroli la kubebea mizigo pale Mbuyuni, hili ni lijitu refu la kijani lina makucha) kwenye gemu hii ana kitu kimoja tu kinachomfanya aogopwe, kila zamu yake ikianza anarudisha uhai 10, na hafi jumla mpaka apate moto au asidi. Hicho kimoja ndo nikasahau. Wakamkata, akalala, wakagawana hela zake, mi nakuja kukumbuka usiku napiga mswaki.

Toka hapo simu nikaitoa mezani nikahamia kwenye kadi. Saivi nina kama mia mbili na kidogo hivi za kampeni moja (hadithi moja ndefu tunayoicheza kwa siku nyingi), na ntakuambia ninavyozipanga maana nimekosea karibu kila kitu kinachoweza kukosewa.

Kwanza elewa kadi ni ya nini. Kumsoma monsta unamsoma nyumbani, Jumamosi, umetulia na chai yako. Kadi ni ya ile dakika watu wote wanakuangalia wewe, mtu ameshatupa dadu anauliza "Kaka nimepata 14, nimempata sijampata?" na ukichelewa kidogo tu mmoja anachukua simu anaingia kwenye magrupu, hapo ushampoteza. Kwaiyo kisichojibu swali la dakika hiyo hakikai kwenye kadi, hata kama ni kitamu namna gani. Historia ya goblini (kimonsta kidogo kijanja) na miungu yake iache kwenye kitabu.

Vifaa ni vya steshenari yoyote. Manila kubwa moja, ikate nusu, kisha nusu tena, ukifanya hivo mara tano una kadi 32 za kutosha kiganjani. Usitumie karatasi za rimu, nilianza nazo, ni Februari na Moshi unaijua ilivyo Februari, feni imewashwa, kadi zikapaa mpaka chini ya kabati na wachezaji wakasoma jina la bosi wa mwisho wakati wananisaidia kuziokota. Laminesheni nayo achana nayo kabisa, penseli haiandiki juu yake na kadi nzuri ni ile unayoifuta na kuandika upya. Chukua manila za rangi mbili, moja ya monsta, nyingine ya watu, alafu na kaunta buku moja na bahasha za kaki tano sita.

Sasa uso wa kadi. Hii hapa ya goblini kama ilivyo kwangu, namba ni za toleo la 2014, kama unatumia jipya zaidi angalia kitabu chako:

AKISHAPIGA ANAJIFICHA AU ANACHOMOKA, KILA ZAMU
Goblini. Kinga 15, uhai 7
Panga +4, 1d6+2 (au weka 5)
Upinde +4, 1d6+2, futi 80
Kujificha +6
Akibaki peke yake anakimbia
-1 +2 0 0 -1 -1

Kinga ni namba ambayo dadu ya anayempiga lazima ifike, +4 ni anachoongeza kwenye dadu yake ya kupiga, kinachofuata ni maumivu anayotoa. Ile d we isome tu dadu, 1d6 ni dadu moja ya pande sita, raha iliyoje herufi imeangukia lugha yetu. Hiyo 5 ni wastani, kwa vimonsta vidogo vikiwa vingi situpi dadu ya maumivu kabisa, naweka wastani gemu inasonga.

Angalia mstari wa juu, uko juu hata ya jina, na kwangu naupigia biki nyekundu. Huo ndo mstari wa roho. Kila monsta jiulize, nikisahau kitu gani huyu anageuka kuwa gunia la uhai tu lisilo na ladha? Goblini asipojificha ni mtoto mwenye panga. Zombi asipopata nafasi ya kubaki na uhai 1 pale alipotakiwa kuanguka, ni mlevi tu. Kwa troli nimeandika +10 KILA ZAMU, MOTO AU ASIDI INAZUIA, kwa herufi za kuonekana hata kwa mshumaa.

Mstari wa chini kabisa, zile namba sita, ni za kujiokoa na uchawi: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara, mvuto. Mwanzo niliziacha nikiamini nafupisha, basi bana, mezani kwetu kuna dada anacheza mchawi na kila zamu yake anauliza "wepesi wake ngapi?" mi narudi kwenye PDF. Ziweke, mstari mmoja haukuli nafasi.

Nyuma ya kadi usiandike monsta mwingine. Hili sio wazo langu, waliojifunza kwa gharama ni wenye gemu yenyewe. Mwaka 1989 kampuni ya TSR ilitoa Monstrous Compendium, monsta wako kwenye kurasa za kutoboa unazifunga kwenye faili la pete, wazo likiwa ukinunua nyongeza unaziingiza katikati kwa alfabeti. Kumbe kurasa nyingi zilichapwa monsta mmoja mbele mwingine nyuma, kwaiyo ukija monsta mpya ambaye kialfabeti anatakiwa akae kati yao, unamweka wapi? Huwezi kuchana karatasi katikati ya unene wake. Na matundu nayo yakawa yanachanika. 1993 wakarudi kwenye kitabu cha kawaida cha kushonwa. Sasa kama waliokuwa na kiwanda cha kuchapa waliteleza hapo, wewe na manila yako nyuma acha tupu, au andika mlikutana naye wapi na nini kilitokea.

Uhai unaopungua usiuandike kwenye kadi. Kadi ni moja, goblini wako sita. Mi natumia vizibo vya soda vyenye namba ya maka peni juu, kizibo 3 kwenye ramani ndo goblini 3 kwenye kaunta buku, na sitoi, najumlisha: nahesabu maumivu aliyopata kwenda juu, 4, kisha 9, yakifika uhai wake kwisha habari. Kujumlisha ni haraka kuliko kutoa, hasa ikifika saa mbili usiku umechoka.

Kupanga kwa alfabeti nako sahau, alfabeti ni ya maktaba. Wachezaji hawaendi kwenye herufi G, wanaenda bondeni. Kila sehemu ya ramani ina bahasha yake: Bondeni, Msituni, Mjini, Njia ya Chumvi. Kabla ya kucheza nachomoa kadi za leo, huwa hazizidi nane, zilizobaki zinarudi kwenye begi. Monsta anayepatikana sehemu mbili ana kadi mbili, manila ni bei ndogo.

Na usione aibu kumvisha monsta ngozi nyingine. Ogre wa kitabuni ana kinga 11, uhai 59, rungu +6 maumivu 2d8+4, namba nzuri kabisa za zimwi, kwaiyo kwenye kadi jina ni Irimu, lile la hadithi za mabibi zetu huku Uchagani, na mstari wa roho nikaongeza wangu: HAMLI ANAYEMJUA JINA. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, si ndo tulivyofundishwa? Wachezaji walikaa saa nzima kijijini wanauliza jina lake, hakuna aliyegusa upanga, na mi sikubadilisha namba hata moja.

Kuhusu kuzipata hizo namba bila kununua kitabu, Januari 2023 ule mkusanyiko wa sheria unaoitwa SRD 5.1 uliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons, maana yake unaruhusiwa kunakili, kutafsiri Kiswahili, kuprinti, hata kuuza ulichotengeneza mradi utaje ulipotoa. Monsta kibao wamo, ingawa maarufu wachache kama beholder (lile lidude la macho mengi) hawamo. Usiprinti zote lakini, chagua kurasa zako, mwenye steshenari anahesabu kwa ukurasa.

Kadi za watu sasa, hapa ndo wengi tunaharibu maana tunaandika wasifu kama wa kuomba kazi. Mistari minne inatosha:

MZEE WA KIVUKO
Anataka: mtumbwi wake urudi kabla ya masika
Mdomo: kila sentensi "mjukuu wangu", anasonya kabla ya kujibu
Anajua: nani alivusha jeneza usiku
Hasemi mpaka: umuulize habari za mtumbwi

Huo mstari wa mdomo usiandike "mkali" au "mpole", huwezi kuigiza mpole ukiwa na njaa. Andika kitu cha kufanya kwa mdomo au mkono, kusonya, kukuna shingo, kuhesabu hela huku anaongea. Miezi miwili baadaye ukisonya tu, meza nzima inasema "ah, mzee wa kivuko!"

Majina andaa kabla, ishirini hivi, ndani ya jalada la kaunta buku, likitumika likate. Kwenye kampeni yangu kulikuwa na askari watatu wa mageti matatu tofauti wote wanaitwa Baraka, kila nikiulizwa ghafla ndo jina lililokuja, mpaka wachezaji wakaamini ni njama wakaanza kuichunguza. Nikawaacha wachunguze, ndo ikawa stori yenyewe.

Wachezaji nao wana kadi, moja tu kwa wote, inakaa mbele yangu muda wote: kinga ya kila mmoja, namba yake ya kushtukia mambo bila kutupa dadu (10 jumlisha alichonacho), na ahadi alizotoa. Hiyo ya kushtukia ni muhimu maana ukimuuliza mtu "hivi yako ngapi?" ushamwambia kuna kitu kimejificha, na mdogo wangu hapo hapo anachomoa upanga.

Mkimaliza, kabla hujaosha vikombe, kaa dakika kumi na penseli. Nani kafa, nani kakasirika, nani kadanganywa. Ukisema ntaandika kesho huandiki. Waliokufa kadi zao usitupe, zina bahasha yao kwangu inaitwa Makaburini, alafu piga picha kadi zote uweke kwenye simu, hiyo ndo kazi pekee ya simu.

Na yule troli, nimerudia kusoma daftari la siku ile mstari kwa mstari. Wamemkata mapanga, wamempiga mishale, moto hakuna, asidi hakuna. Nimetoa kadi yake Makaburini nimeirudisha bahasha ya Bondeni, na nyuma kwa penseli nimeandika "anakumbuka sura zao".