Jinsi ya kuandaa mpango wa sampuli za udongo na maji, na kuuombea idhini, kwa kituo cha mafuta kilichovuja Mombasa

Kisiwani Mombasa na kando ya bahari upande wa Nyali na Likoni, vituo vingi vya mafuta vimekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Mwamba huo una nyufa na mashimo yanayopitisha maji upesi, na pembeni mwa kituo pana visima vya majumbani na vya misikiti ambavyo watu huvitumia kila siku. Kwa hiyo mpango wa sampuli lazima ujibu maswali mawili: mafuta yamefika wapi, na nani anachota maji huko? Ombi likirudishwa, mara nyingi kosa haliko kwenye fomu. Ni kwamba ramani ina visima vitano vya uchunguzi, yaani vya kuchukulia sampuli, na hakuna palipoelezwa kwa nini kila kimoja kiko pale kilipo.

Kusanya karatasi za kituo

Tafuta michoro ya matangi na mabomba, leseni ya EPRA (mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli), matokeo ya majaribio ya matangi, na rekodi za kupima tangi kwa kijiti zikilinganishwa na mauzo, angalau za miezi 12. Upungufu mdogo unaojirudia kila wiki unaonyesha tangi la kushuku. Uliza pia matangi ya zamani yalizikwa wapi. Kama kituo kiliuza petroli kabla ya 2006, ongeza madini ya risasi kwenye orodha ya vipimo, kwa sababu petroli ya wakati huo ilitiwa risasi.

Kisha tembea. Weka kwenye ramani kila kisima kilicho ndani ya mita 500, kina chake, matumizi yake, na kama mwenyewe amewahi kunusa mafuta. Weka na mashimo ya maji taka na mitaro ya mabomba ya maji, maana mafuta hupenda kufuata mtaro uliojazwa mchanga kuliko kupenya mwamba mgumu.

Chagua watu na maabara kabla ya kuomba

Mpango usimamiwe na mtaalamu aliyesajiliwa na NEMA, mamlaka ya mazingira. Mtaalamu wa maji ya ardhini na mchimbaji wawe na leseni ya Wizara ya Maji. Maabara iwe na ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara za vipimo, na usiridhike na cheti pekee: omba orodha ya vipimo vilivyomo ndani ya ithibati hiyo. Kiwango cha benzini kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 10 kwa lita. Maabara ambayo haioni chini ya mikrogramu 50 itakuandikia “haikupatikana” hata kama maji hayafai kunyweka.

Vipimo vya msingi ni benzini, toluini, ethilibenzini, zailini, naftalini na jumla ya haidrokaboni za petroli na za dizeli.

Weka visima vya uchunguzi, na uandike sababu ya kila kimoja

Visima vitatu ndio uchache wa kujua maji yanaelekea wapi, navyo vikae pembetatu. Vikiwa mstari mmoja, mwelekeo haupatikani. Kimoja kiwe upande maji yanakotoka, kimoja karibu na tangi linaloshukiwa, vingine upande wa visima vya jirani. Pwani usidhani maji yanaelekea baharini moja kwa moja. Nyufa za matumbawe huyapeleka zitakako.

Andika muundo wa kisima ndani ya ombi: bomba la plastiki la milimita 50 lililounganishwa kwa hesi zake, yaani kwa kuzungushwa, bila gundi, kwa kuwa gundi ina viyeyusho vitakavyotokea maabara. Sehemu ya bomba yenye nyufa za milimita 0.5 za kuingizia maji iwe ya mita 3 hivi na ivuke usawa wa maji, maana petroli huelea. Ikizama yote chini ya maji, mafuta yatapita juu yake usiyaone. Mchanga mkubwa ujazwe kuzunguka bomba hadi sentimita 30 juu ya nyufa hizo, kisha bentonaiti (udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa) sentimita 60, kisha saruji hadi juu, na mfuniko wa kufunga.

Kwa udongo, pima mvuke wa mafuta kila nusu mita. Peleka maabara sampuli ya pale mvuke ulipo mkali zaidi, ya juu kidogo ya maji, na ya chini kabisa mwa shimo. Usichanganye udongo wa mashimo mawili. Benzini huruka wakati unakoroga.

Peleka maombi

Kisima cha uchunguzi ni kisima, hata kama hakuna atakayekunywa maji yake. Omba idhini kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, kabla mtambo wa kuchimba haujafika. Mombasa iko chini ya Bonde la Athi. Ambatisha ripoti ya mtaalamu wa maji ya ardhini, ramani yenye vipimo vya GPS, hati ya kiwanja au ridhaa ya mwenye ardhi, na muundo wa kisima. Eleza wazi kwamba ni cha uchunguzi, na kitazibwaje kazi ikiisha.

Mpango wenyewe uende NEMA kwa barua, ukiwa na ratiba, ili ofisa aweze kuhudhuria. Kisima kikiangukia ukingo wa barabara, kinahitaji ruhusa ya mamlaka ya barabara hiyo. Kikiwa uani kwa jirani, ridhaa ya maandishi. Hizi mbili ndizo huchelewesha kazi, basi zianze kwanza.

Siku ya kazi

Chimba mita 1.5 za kwanza kwa mkono, pasije kupasuliwa bomba la mafuta au waya wa umeme. Kipima-gesi kikifika asilimia 10 ya kiwango cha chini cha gesi kulipuka, simamisha mtambo. Kompresa ya mtambo iwe na chujio, la sivyo mafuta yake yataingia shimoni na utayapima kama ya kituo.

Safisha kisima, kisha kiache kitulie wiki moja. Hapo bahari nayo ina neno lake: maji ya visima hupanda na kushuka kwa kujaa na kupwa. Pima usawa wa maji katika visima vyote ndani ya saa moja, maji yakiwa yamejaa na tena yakiwa yamekupwa, na uandike kama ni bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) au maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo). Kikipatikana tabaka la mafuta yanayoelea, pima unene wake na usichukue sampuli ya maji hapo.

Vuta maji polepole, mililita 100 hadi 500 kwa dakika, hadi pH na chumvi zitulie katika vipimo vitatu mfululizo. Jaza chupa za mililita 40 bila kiputo cha hewa hata kimoja. Kwa kawaida hutiwa asidi ya haidrokloriki, na sampuli hudumu siku 14. Lakini maji ya matumbawe yana chokaa nyingi: asidi ikiingia hutoa povu, na povu hubeba benzini. Likitokea hilo, chukua bila asidi na uhakikishe maabara inapima ndani ya siku 7. Weka kwenye barafu kwa nyuzi 4, pamoja na chupa moja ya maji safi iliyofungwa tangu maabara kwa kila kiboksi, na sampuli pacha moja kwa kila kumi.

Baada ya majibu

Peleka WRA rekodi ya kukamilika kwa kila kisima, na NEMA ripoti yenye ramani, majibu ya maabara na fomu za makabidhiano ya sampuli zenye saini. Kisima cha jirani kikizidi kiwango, mjulishe mwenyewe siku hiyohiyo, kwa mdomo na kwa maandishi, aache kunywa maji yake. Mwambie pia asiyachemshe ndani ya nyumba, maana benzini huondoka na mvuke na kubaki hewani chumbani.