Namna ya kuandika historia ya kituo cha televisheni cha Goma, na picha za nani kilirusha

Ukitaka kuandika historia ya kituo cha televisheni cha hapa Goma, weka kando kwanza jina la mwenye kituo na siku ya uzinduzi. Anza na swali hili: saa tatu usiku, watu wa mitaa ya Birere na Katindo walipowasha televisheni zao, picha walizoziona zilitoka kwa nani? Nimekaa miaka mingi kwenye reji, chumba cha kuongozea matangazo, ya kituo cha binafsi mjini humu. Mimi ndiye niliyekuwa natoa studio yetu hewani na kuweka picha za Kinshasa, kisha za Wafaransa, kisha kurudi kwetu kwa komunike, matangazo ya kulipiwa, za vifo. Katika siku nzima, kilichotengenezwa na sisi wenyewe kilikuwa kidogo. Wanafunzi wa uandishi wa habari wananiletea TFC zao, kazi za kumalizia masomo, nizisome, na nyingi zinamweleza mwenye kituo kurasa kwa kurasa, huku vituo vilivyotulisha picha vikipewa sentensi moja tu. Ningependa sana kazi hizo zigeuzwe.

Tenga mambo matano ambayo watu huyachanganya: jina la kituo, mwenye mali, ruhusa ya kufanya kazi, masafa, na mahali ulipo mtambo wa kurushia. Kila moja lina tarehe zake. Televisheni ya taifa ilianza Kinshasa tarehe 23 Novemba 1966; nchi ilipokuwa Zaire ikajulikana kama Télé-Zaïre, baadaye ikawa chini ya OZRT, shirika la redio na televisheni la Zaire, na Mobutu alipoanguka Mei 1997 ikawa RTNC, jina lake la leo. Mtu akisema alianza kazi RTNC mwaka 1988, hadanganyi, anatumia jina la leo kwa nyumba ya jana. Wewe ndiye utakayeandika jina la wakati ule.

Kabla ya kwenda kuuliza watu, andika kalenda ya mji kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Wakimbizi wa Rwanda, Julai 1994. Waasi wa AFDL, waliokuja kumwangusha Mobutu, kuingia Goma, mwanzo wa Novemba 1996. Vita vya waasi wa RCD, Agosti 1998. Volkano ya Nyiragongo, 17 Januari 2002. Serikali ya mpito, katikati ya 2003. Waasi wa M23 kuingia mjini mara ya kwanza, Novemba 2012. Nyiragongo tena, 22 Mei 2021. M23 mara ya pili, mwisho wa Januari 2025. Ni fundi gani atakayekumbuka mwezi ambao mkataba ulisainiwa? Lakini kila mtu anajua kama jambo lilitokea kabla ya lava au baada yake. Mzee mmoja wa mtaa wa Himbi, aliyekuwa analinda mtambo, alinijibu hivi nilipomuuliza mwaka: “Mwaka siujue, mwanangu. Ile ntambo ya kwanza iliungua na volkano. Nyuma ya pale tulianza na kantambo kadogo, na picha za Kinshasa tulikuwa tunazikamata paka kwa parabole.” Hapo umeshapata mtambo wa kwanza ulikoishia, nguvu ya mtambo wa pili, na njia ambayo picha zilipitia. Nilimwandika neno kwa neno, na “paka” yake ni “tu”, “nyuma ya pale” ni “baada ya pale”, “parabole” ni sahani ya setilaiti. Nawe fanya hivyo, usimsahihishie lugha.

Kalenda hiyo hiyo itakusaidia kupima madai. Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja tarehe 24 Aprili 1990, na sheria ya uhuru wa vyombo vya habari ni ya tarehe 22 Juni 1996. Ukiambiwa kituo cha binafsi cha Goma kilikuwa hewani mwaka 1985, uliza tena, kwa upole. Tena kuanzia Agosti 1998 hadi mpito wa 2003 mji huu uliongozwa na RCD. Mtu akisema kituo chake kilikuwa “na Kinshasa” katika miaka hiyo, usimkatalie, muulize picha zilifikaje na nani aliruhusu.

Kuhusu watu wa kuuliza, mkurugenzi mwache awe wa mwisho. Nenda kwanza kwa fundi, kwa mlinzi wa mtambo, na hasa kwa mama aliyekuwa anapokea komunike mapokezini. Vituo vyetu viliishi kwa komunike: kifo, kumaliza matanga, mtoto aliyepotea, ndoa. Kila moja ililipiwa na kila moja ilikatiwa risiti. Kitabu cha risiti kina tarehe, kina bei, na juu kina nembo ya kituo ya wakati ule. Nimeshika kitabu kimoja ambamo jina la zamani la kituo limekatwa kwa wino mwekundu katikati ya mwezi na jipya limegongwa muhuri pembeni, limepinda kidogo, risiti baada ya risiti hadi kitabu kinaisha. Hakuna barua ya ofisi itakayokupa tarehe safi kama hiyo. Daftari la mazutu, yaani dizeli, nalo litafute: saa grupu, jenereta ya kituo, ilipowashwa na kuzimwa ndizo saa halisi za matangazo, hata kama bango lilisema saa ishirini na nne.

Sasa tuje kwenye uhusiano na vituo vingine, maana hapa ndipo kazi ilipo. Kuna aina tatu, na usiandike neno “mshirika” kabla hujajua ni ipi.

Ya kwanza ni tawi. Mwenye mali ni mmoja, kituo mama kiko Kinshasa au Lubumbashi, na mshahara unatoka huko. Ya pili ni makubaliano: kituo ni cha watu wengine, lakini kuna barua, faksi au mkataba unaoruhusu kurusha vipindi fulani kwa saa fulani. CFI ya Ufaransa, iliyoanzishwa mwaka 1989, ilikuwa inagawa vipindi kwa vituo vya Afrika. Kituo kilivipokea, kikavirekodi na kuvirusha saa yake chenyewe. Idhaa za Kiswahili za ng'ambo nazo zina vituo washirika; BBC ilipoanza Dira ya Dunia ya televisheni mwaka 2012, ilipita kwenye vituo vya namna hiyo. Kituo kilichorusha CFI hakikuwa tawi la Ufaransa, kama vile redio inayojiunga na Radio Okapi kwa taarifa ya habari haiwi mali ya Umoja wa Mataifa.

Ya tatu ni kuchukua bila kuuliza. Ilikuwepo, na historia isiyoitaja haijakamilika. Dekoda ya nyumbani inaunganishwa na mtambo, na mji mzima unaangalia mpira kwa abonema ya mtu mmoja. Utaijuaje? Angalia kona za skrini. Kanda ya video ya makubaliano kwa kawaida ina nembo mbili, ya kituo cha asili na ya kituo cha hapa, zote zinasomeka. Ya kuchukua mara nyingi ina kibandiko au mstari mweusi uliowekwa kufunika nembo ya asili. Ukiona namba ndefu inatokea ghafla katikati ya picha na kupotea, hiyo ni namba ya kadi ya dekoda, imewekwa na wenye chaneli ili wajue nani anaitumia vibaya. Andika namba ilionekana dakika ya ngapi. Mkurugenzi anaweza kukuonyesha karatasi nzuri sana yenye mihuri mitatu, lakini kanda ndiyo inayoonyesha kilichokwenda hewani, na vikigongana mimi naiamini kanda.

Pia usichanganye kurusha na kufikiwa. Gisenyi ya Rwanda iko hapo tu, ng'ambo ya mpaka, na mwenye antena nzuri anapata picha za Rwanda bila kituo chochote cha Goma kuhusika. Akikuambia “tulikuwa tunaona ya Rwanda”, muulize ilikuwa kwenye chaneli gani, na kama nembo ya kituo cha hapa ilikuwepo.

Saa zinawapoteza wengi. Goma iko saa moja mbele ya Kinshasa. Taarifa ya habari inayosomwa Kinshasa saa mbili usiku inatukuta sisi saa tatu. TV5, chaneli ya Kifaransa, nayo hutaja saa za TU, yaani saa za dunia (UTC), na sisi tuko saa mbili mbele ya TU. Kwa hiyo kanda iliyoandikwa “JT 20h”, yaani taarifa ya habari ya saa mbili usiku, inaweza kuwa ya Kinshasa iliyopokewa moja kwa moja, au ya kwetu iliyosomwa studio saa mbili ya Goma. Kuna njia rahisi ya kutambua: kama saa ya ukutani nyuma ya msomaji au iliyoandikwa kwenye picha inapishana kwa saa moja kamili na saa iliyoandikwa na fundi wa hapa, habari ilitoka Kinshasa wakati ule ule.

Panda juu ya paa pia, au tafuta picha za zamani za jengo. Sahani ya parabole inasema ukweli kwa mwelekeo wake. Mji wetu uko karibu na ikweta, kwenye digrii 29 za mashariki. Sahani inayotazama karibu juu kabisa inapokea setilaiti iliyo jirani na sisi, kama zile za digrii 36 mashariki. Sahani iliyoinama upande wa Sake, yaani magharibi, inatafuta setilaiti zilizo juu ya Atlantiki. Picha ya harusi iliyopigwa mbele ya jengo mwaka 2005, sahani ikiwa imeinama nyuma ya bibi harusi, ni ushahidi. Omba nakala.

Kanda ukizipata, usizichomeke mara moja. Hapa kuna unyevu wa ziwa na vumbi la volkano, na ukungu mweupe kwenye utepe unahamia kwenye vichwa vya mashine na kuharibu kanda inayofuata. Fungua kifuniko, utazame kwa tochi. Ile yenye ukungu ifunge kwenye mfuko wake peke yake, isubiri mtu wa kuisafisha. Iliyo safi ipeleke mbele hadi mwisho na uirudishe nyuma, kisha icheze mara moja tu huku ukiirekodi kwenye kompyuta. Kanda za zamani za nchi hii nyingi ni za SECAM, mfumo wa rangi wa Wafaransa. Ukiicheza kwenye mashine ya PAL, mfumo mwingine wa rangi, peke yake picha itatoka nyeusi na nyeupe, na kuna wanaoandika kwa haraka kwamba kituo hakikuwa na rangi. Tafuta mashine inayosoma zote mbili. Tumia betri na konvertiseri, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, kwa sababu umeme ukikatika utepe ukiwa ndani unaweza kunaswa na kukatika. Nakala moja ibaki kwako, nyingine itoke nje ya Goma.

Karatasi za ofisi hazichukui muda mrefu. Ruhusa ya kituo inatoka kwa wizara ya mawasiliano, masafa yanasimamiwa na ARPTC, mamlaka ya posta na mawasiliano, iliyoanzishwa kwa sheria za mwaka 2002, na mambo ya maudhui, pamoja na adhabu za kufungiwa, ni ya CSAC, baraza la vyombo vya utangazaji, lililowekwa na sheria ya Januari 2011. Tarehe ya kufungiwa na tarehe ya kufunguliwa ni mbili za thamani sana, kwa sababu kituo kikirudi hewani mara nyingi kinarudi na ratiba mpya na washirika wapya.

Unapoandika, kila uhusiano upewe mstari wake: kipindi, saa ya Goma, aina, mwanzo, mwisho, ushahidi. Mfano wa kubuni: “Taarifa ya habari ya Kinshasa, saa tatu usiku, kwa parabole, mkataba haujaonekana, kuanzia baada ya mpito kuanza mwaka 2003, hadi kabla ya uchaguzi wa Julai 2006, ushahidi: kanda, nembo kona ya juu kulia, na mlinzi wa mtambo.” Watu wawili wakitofautiana, andika maneno ya wote wawili na usichague mshindi.

Jambo la mwisho ni majina. Mji huu umebadilisha watawala mara nyingi, na aliyegeuza picha kwa amri ya utawala mmoja anaweza kuulizwa na utawala mwingine. Mwandike kwa kazi yake, “fundi wa reji”, “mlinzi”, “mama wa komunike”, hata akikuambia hana shida. Kila mtu mpe namba, na karatasi inayounganisha namba na majina iweke mbali na daftari, wala usiipige picha kwa simu.