Jinsi ya Kupanga na Kutangaza Shoo Zijazo Katika Ukumbi Mdogo wa Muziki

Ukumbi mdogo unaojitegemea hauna kampuni kubwa nyuma yake wala fungu nono la matangazo. Kinachowaleta watu ni ratiba: orodha ya shoo zijazo ambayo mtu akiisoma anajua nani anapiga, lini na saa ngapi, na akifika anakuta kilekile alichosoma. Kupanga orodha hiyo ndiyo kazi yangu. Watazamaji huweza kuvumilia spika za kawaida na viti vigumu, lakini shoo iliyotangazwa kisha ikaota mbawa hawaisahau. Kwa hiyo karibu kila hatua hapa chini ina lengo moja, kwamba usitangaze jambo ambalo bado halijasimama.

Hatua ya 1: Weka kalenda moja tu

Kalenda iwe moja, na mwenye ruhusa ya kuiandika awe mtu mmoja. Meneja wa bendi akiuliza tarehe, usimpe jibu la "ndiyo". Mshikilie tarehe hiyo, uandike kwamba yeye ni wa kwanza. Akija mwingine akaitaka tarehe ileile, mwandike wa pili na umwambie wazi kwamba ni wa pili. Huyu wa pili akiwa tayari kuthibitisha, mrudie wa kwanza umpe siku moja au mbili: athibitishe au aiachie. Utaratibu huu hutumika katika kumbi nyingi duniani, za kila ukubwa, na unaondoa ugomvi kwa sababu kila mtu anajua yuko foleni ya ngapi.

Kabla ya kuthibitisha, uliza kama bendi inapiga kwingine karibu na hapo ndani ya wiki chache. Mashabiki walewale hawatalipa kiingilio mara mbili kwa kipindi kifupi hivyo.

Hatua ya 2: Piga hesabu kwa tiketi

Hapa ndipo kumbi ndogo nyingi hufa, kwa hiyo nenda taratibu. Mimi huzigeuza gharama zote kuwa idadi ya tiketi, maana fedha ikiandikwa kama fedha huonekana ndogo, ila ikiandikwa kama watu unaiona ikiingia mlangoni.

Tuseme ukumbi unabeba watu 120. Fundi mitambo wa sauti ni tiketi 12. Watu wa mlangoni na usafi ni 10. Pango na umeme wa usiku huo ni 15. Ada ya hakimiliki ya muziki ni 3. Jumla ni 40, na bendi haijalipwa. Bendi inataka malipo ya uhakika ya tiketi 30. Basi mpaka watu 70 walipe, hujapata hata senti. Jiulize bila kujidanganya: bendi hii inaweza kuleta watu 70 usiku wa katikati ya wiki? Kama jibu ni "labda", ongeza msanii wa kutangulia mwenye watu wake au punguza malipo ya uhakika.

Mkataba ninaoupenda ni huu: bendi inapata tiketi 30 za uhakika, au asilimia 70 ya kinachobaki baada ya gharama, kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili. Zikiuzwa tiketi 110, toa 40 za gharama, zinabaki 70. Asilimia 70 yake ni 49, bendi inachukua hizo na ukumbi unabaki na 21. Zikiuzwa 60 tu, zinabaki 20, asilimia 70 ni 14, hivyo bendi inachukua 30 zake na ukumbi unapoteza 10. Usiku wa aina hiyo ukiwa mmoja kwa mwezi unabebeka. Ukiwa wa kila wiki, ukumbi utafungwa.

Hatua ya 3: Maandishi kwanza, bango baadaye

Ukurasa mmoja unatosha: tarehe, muda wa kupiga, malipo, nani analeta vyombo gani, na itakuwaje upande mmoja ukiahirisha. Usichapishe bango kabla pande zote mbili hazijasaini. Msanii mwenye jina akikuhimiza utangaze leo "tutaelewana baadaye", mwambie kwa heshima kwamba unasubiri saini.

Hatua ya 4: Andika tangazo ambalo halihitaji kuulizwa swali

Chukua kalenda uhakikishe siku na tarehe vinakubaliana. "Ijumaa tarehe 14" ilhali tarehe 14 ni Jumamosi ni kosa linaloonekana dogo, lakini nusu ya watu watakuja siku isiyo yao. Kisha andika nyakati tatu tofauti: saa ya kufungua milango, saa ya msanii wa kwanza kupanda jukwaani, na saa ya kumaliza. Hiyo ya mwisho kumbi nyingi huiacha, na ndiyo inayomsaidia mtu anayetegemea usafiri wa umma au aliyeacha watoto nyumbani. Andika "saa 2:00 usiku" kamili, usiandike "saa 2" peke yake. Na kama mfumo wa tiketi unatumia saa za kimataifa, hakikisha humo pameandikwa 20:00.

Ongeza kama watu watakaa au watasimama, umri unaoruhusiwa, kama kiti cha magurudumu kinapita mlangoni na kufika chooni, na utaratibu wa kurudishiwa fedha. Majina ya wasanii wa kutangulia yaandike kwa herufi zinazosomeka. Leo wanatangulia, kesho ndio watakaokujazia ukumbi.

Hatua ya 5: Usiache katikati pakiwa kimya

Tiketi huuzika siku za mwanzo baada ya tangazo, kisha zinalala, kisha zinaamka wiki ya mwisho. Wakati zimelala, toa kitu kipya: video fupi ya mazoezi, jina la mgeni mwalikwa, mpangilio wa saa. Usitangaze shoo mbili za mashabiki walewale siku moja, zitagombania mfuko mmoja.

Hatua ya 6: Wiki ya shoo, soma orodha ya chaneli

Iombe bendi mchoro wa jukwaa na orodha ya chaneli, yaani kila chombo na maiki inaingia njia ya ngapi kwenye miksa (mashine ya kuchanganya sauti), ukae na fundi mitambo muisome mstari kwa mstari. Chaneli 1 ngoma kubwa, chaneli 2 snea (ile ngoma ndogo yenye mlio mkali), na kuendelea. Kinanda kikiandikwa "stereo", hicho ni chaneli mbili na boksi mbili za DI (vifaa vya kuunganisha chombo moja kwa moja na miksa), si moja. Maiki za kondensa zinahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye miksa, kwa hiyo hakikisha miksa yako inautoa. Waimbaji wanne wakitaka kila mmoja asikie sauti yake, hesabu spika za monita ulizo nazo, zile zinazowaelekea wanamuziki jukwaani. Haya yakijulikana Jumatatu, yana dawa. Yakijulikana jioni ya shoo, mlango unachelewa kufunguliwa na saa ulizotangaza zinakuwa uongo.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Kwenye kupima sauti, bendi kuu inaanza na msanii wa kutangulia anamalizia, ili vyombo vya atakayepanda wa kwanza vibaki jukwaani vikiwa tayari. Tenga dakika 20 hivi za kubadilisha vyombo kati ya msanii na msanii.

Pima kelele. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kiwango cha usikilizaji salama katika kumbi na matamasha: wastani usiozidi desibeli 100 kwa dakika 15, vipimo vifuatiliwe shoo ikiendelea, pawe na vizibo vya masikio na sehemu tulivu ya kupumzisha masikio. Katika chumba kidogo ngoma peke yake hupiga kelele nyingi, hivyo mara nyingi dawa ni kushusha ampu za gitaa na monita badala ya kupandisha sauti ya mwimbaji.

Hatua ya 8: Mahesabu usiku uleule, ratiba asubuhi

Hesabu tiketi mbele ya meneja wa bendi, mlipane, msaini wote wawili. Asubuhi iondoe shoo iliyopita kwenye orodha ya zijazo. Zilizobaki ziwe na hali inayoeleweka: tiketi zimekwisha, imeahirishwa, au imefutwa. Ikifutwa, waliokwisha kununua tiketi wapate ujumbe wako kabla ya tangazo la hadharani, na ujumbe huo ueleze fedha zao zitarudi kwa njia gani na lini.